Kibarua cha simu na ritani ya KRA: hatua kwa hatua

Mwaka wangu wa kwanza wa kunukuu sauti mtandaoni, nililipa shilingi 200 kwenye saiba moja huku Kisauni nijaziwe ritani, ile fomu ya kuiambia KRA, mamlaka ya ushuru, umepata nini mwaka mzima. Kijana aliyekuwa kwenye mashine akaniuliza, "Dada, umeajiriwa?" Nikamwambia la, sijaajiriwa. Akabofya mara nne, printa ikalia, nikapewa karatasi. Nil, yaani sikupata kitu. Nikaenda zangu nyumbani roho imetulia. Kumbe mteja wangu mmoja wa hapa hapa mjini alikuwa akinikata asilimia 5 kila mwezi na kuipeleka KRA kwa PIN yangu, namba yangu ya mlipa ushuru. Yaani serikali ina ushahidi kwamba nimelipwa, nami nimeiandikia kwamba sikupata hata ndururu. Mwaka uliofuata nikarudia yale yale.

Nilivyojinasua nitaeleza mwisho. Kwanza tuzungumze na wewe unayeendesha teksi ya programu, tuktuk au bodaboda ya kupeleka chakula Nyali na Bamburi, wewe unayefasiri au kunukuu usiku kwa wateja wa ng'ambo, unayepiga picha za harusi, unayeuza madera kwa simu. Wote tuko boti moja: hakuna mwajiri wa kutukatia, kwa hivyo hesabu ni juu yetu. Na nitasema ushuru, maana hapa Mombasa ukitaja kodi mtu anamfikiria mwenye nyumba.

Kwanza, tarehe mbili

Tarehe ya 30 Juni kila mtu anaijua. Ndiyo siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani ya mwaka uliopita, na saiba zote kuanzia Mwembe Tayari hadi Bombolulu hujaa siku hiyo. Tarehe ambayo watu hawaijui ni 30 Aprili. Hiyo ndiyo siku ya mwisho ya kulipa salio la ushuru wa mwaka uliopita. Anayejaza na kulipa Juni amewahi kwa karatasi lakini amechelewa kwa pesa: anaongezewa asilimia 5 ya deni, na riba ya asilimia 1 kwa kila mwezi. Nimebishana na watu wazima barazani kuhusu jambo hili mpaka kahawa ikapoa.

Kuchelewa kuwasilisha nako kuna faini yake: shilingi 2,000 au asilimia 5 ya ushuru unaodaiwa, ile iliyo kubwa zaidi. Kwa hivyo ifanye kazi hii Februari au Machi. Mtandao wa iTax, ambako ritani huwasilishwa, huwa mwepesi, na ukigundua unadaiwa unabaki na muda wa kutafuta pesa.

Hatua ya 1: Andika mapato kabla hayajakatwa chochote

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa hivyo tukae kidogo.

Mapato yako si kile kilichoingia kwenye M-Pesa. Mapato yako ni kile mteja alicholipa. Chukua safari moja ya jirani yangu mwenye teksi ya programu: amebeba abiria kutoka Nyali hadi kituo cha treni cha Miritini, nauli shilingi 800. Kanuni za 2022 za NTSA, mamlaka ya uchukuzi na usalama barabarani, ziliweka kikomo cha kamisheni ya programu kuwa asilimia 18, tuseme ndiyo anayokatwa. Programu inachukua 144, yeye anabaki na 656. Kwenye daftari aandike mapato 800, halafu upande wa matumizi aandike kamisheni 144. Akiandika 656 peke yake, hesabu yake haitalingana na rekodi za programu, na siku akiulizwa hatakuwa na jibu.

Safari za pesa taslimu zinatatiza zaidi. Abiria amempa 800 mkononi. Kamisheni inabaki kama deni ndani ya programu, naye analilipa jioni kwa M-Pesa. Nimekuta daftari la dereva mmoja ambamo safari za taslimu hazikuandikwa kabisa kwa sababu "hizo hazikupita kwenye simu". Zimepita. Programu inajua kila safari uliyoimaliza, iwe ya taslimu au ya simu. Karibu programu zote zina ukurasa wa mapato unaokuwezesha kupakua muhtasari wa wiki, wa mwezi au wa mwaka. Pakua huo kwanza, ndio utakaokuwa uti wa mgongo wa hesabu yako.

Sisi wa kazi za ng'ambo tuna jambo la ziada. Wapo wanaodhani dola za mteja wa Marekani haziihusu KRA kwa kuwa zilichumwa nje. Ukiwa mkaazi wa Kenya na unafanyia kazi hapa, mapato hayo ni ya kutozwa ushuru hapa. Kila malipo yaandike kwa dola jinsi yalivyokuwa kabla ya ada ya jukwaa, weka kiwango cha ubadilishaji cha siku ile, halafu andika shilingi. Mimi hutumia kiwango kinachotangazwa na Benki Kuu, na nakiandika pembeni ili nisije nikajiuliza baadaye nilikitoa wapi.

Kisha chukua taarifa ya M-Pesa ya mwaka mzima, kwa programu ya M-Pesa au *334#. Si kila kilichoingia humo ni mapato. Elfu tatu za dada yako kwa ajili ya dawa za mama si mapato, mchango wa arusi si mapato, zamu yako ya chama si mapato. Pitia mstari kwa mstari na kalamu ya rangi. Mwaka wa pili nilichoka na kazi hiyo nikafungua Pochi la Biashara, pesa za kazi zikapata mlango wao.

Wazee wa bandarini wanakumbuka neno kibarua lilikotoka: ni barua ndogo, kikaratasi alichopewa mtu kuonyesha amefanya kazi siku ile. Vibarua vya siku hizi havina kikaratasi, kwa hivyo jitengenezee mwenyewe. Daftari la shilingi 50 linatosha, safu nne: tarehe, nani amelipa, kiasi kamili, kilichokatwa.

Hatua ya 2: Matumizi, na hasa risiti

Unaruhusiwa kutoa matumizi yaliyofanyika ili kupata mapato hayo tu. Kwa dereva: petroli, kamisheni, sevisi, tairi, bima, kuosha gari, bando la simu. Kwa anayefanyia kazi nyumbani: intaneti, ada za jukwaa na za kuhamisha pesa, na sehemu ya umeme inayolingana na kazi. Kama chumba kimoja kati ya vitatu ndicho ofisi, usitoe tokeni zote za nyumba. Chakula chako cha mchana hakimo. Ada ya shule ya mtoto haimo. Faini ya polisi haimo, hata kama umeonewa.

Mkopo wa pikipiki au gari unachanganya watu. Riba ni matumizi, unaitoa. Mtaji unaorudisha kila wiki si matumizi. Bei ya chombo chenyewe huitoi yote mwaka mmoja, unatoa uchakavu kidogo kidogo: gari na kompyuta ni asilimia 25 ya bei kwa mwaka, kwa mafungu sawa. Laptopu ya 60,000 inakupa 15,000 kila mwaka kwa miaka minne.

Sasa risiti zenyewe. Tangu 1 Januari 2024, matumizi yasiyo na ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, hayakubaliwi kutolewa, isipokuwa machache kama riba na ada za benki. Na kwa ritani zinazowasilishwa kuanzia Januari 2026, KRA imetangaza kwamba inalinganisha mapato na matumizi uliyoandika na ankara za eTIMS, rekodi za ushuru wa zuio (ule anaokukata anayekulipa) na za forodha. Zamani ungeandika "petroli, laki nne" na ikapita. Sasa mfumo unauliza hizo laki nne ziko wapi.

Kwa hivyo mazoea yabadilike pale pale kwenye pampu. Jirani yangu ameandika PIN yake kwa kalamu ya wino mzito kwenye kipande cha katoni na kukibandika karibu na usukani. Anayejaza petroli haulizwi mara mbili: anakiona, anaipiga kwenye mashine, risiti inatoka na PIN ya mnunuzi. Wiki za mwanzo walikuwa wakimnunia. Siku hizi wanamwita "Mheshimiwa".

Tena, karatasi za mashine hizo zinafifia. Kwa joto letu hili na chumvi ya hewa, risiti iliyokaa kwenye dashibodi miezi mitatu inakuwa nyeupe kama kanzu ya Ijumaa. Ipige picha siku ile ile. Sheria inataka uhifadhi rekodi kwa miaka mitano.

Fundi wa mtaani asiye na eTIMS je? Kama mauzo yake hayazidi shilingi milioni 5 kwa mwaka, wewe mnunuzi unaweza kumwandalia ankara kwenye mfumo naye akaikubali. Inataka fundi mwenye PIN na subira, na si kila fundi anavyo vyote viwili. Wewe mwenyewe ukidaiwa ankara na mteja wa kampuni, piga *222# kwa simu yoyote, eTIMS ya wafanyabiashara wadogo inapatikana humo.

Hatua ya 3: Jua uko kapu gani

Kuna makapu mawili, na ukiingia lisilokufaa utalipa usichodaiwa.

Kapu la kwanza ni TOT, ushuru wa mauzo. Ni la biashara ambayo mauzo yake ghafi kwa mwaka yanazidi milioni 1 na hayazidi milioni 25. Kiwango ni asilimia 3 tangu Julai 2023. Unatozwa kwa mauzo yote, hutoi petroli wala kitu. Unawasilisha na kulipa kila mwezi, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na ukishalipa umemalizana na mapato hayo. Ada za kitaalamu na za mafunzo haziingii humo, wala mapato ya nyumba za kupangisha.

Kapu la pili ni ritani ya kawaida ya mwaka: mapato, toa matumizi, faida inayobaki ndiyo inayotozwa. Ukiwa chini ya milioni 1, kapu lako ni hili. Ukiwa juu ya milioni 1, sheria inakuruhusu kumwandikia Kamishna kwamba umechagua kutokuwa kwenye TOT. Barua hiyo iende mapema, usingoje usiku wa 30 Juni.

Lipi bora? Wenye faida nono, kama anayeuza kitu alichokipata kwa bei ya chini sana, TOT huwapendeza. Madereva, ambao nusu ya nauli inaungua kwenye injini, wapige hesabu kwanza. Wenye kufaulu kwa TOT bila kuweka risiti wapo. Ila wengi niliowasaidia walikuwa wamejiandikisha huko kwa kuambiwa na mtu tu.

Hatua ya 4: Piga hesabu kwenye karatasi kabla ya kuwasha kompyuta

Viwango vya mwaka kwa mtu binafsi ni hivi: shilingi 288,000 za kwanza asilimia 10, 100,000 zinazofuata asilimia 25, zinazofuata mpaka milioni 6 asilimia 30. Juu ya hapo kuna 32.5 na 35, na ukifika huko umeshaajiri mhasibu. Ukimaliza kuzidisha, unatoa nafuu ya kibinafsi ya 28,800 kwa mwaka.

Tuchukue dereva mwenye gari lake. Tarakimu ni za mfano lakini haziko mbali na ninazoziona. Nauli zote za mwaka ni 1,240,000. Kamisheni 223,200. Petroli 410,000. Sevisi na tairi 74,000. Bima 62,000. Bando na kuosha gari 24,800. Uchakavu, gari likiwa lilinunuliwa kwa 480,000, ni 120,000. Matumizi yote yanafika 914,000, faida ni 326,000.

Ushuru: 288,000 kwa asilimia 10 ni 28,800. Zilizobaki 38,000 kwa asilimia 25 ni 9,500. Jumla 38,300, toa nafuu 28,800, analipa 9,500 kwa mwaka mzima. Angekuwa kwenye TOT angelipa asilimia 3 ya 1,240,000, yaani 37,200.

Lakini sikiliza upande wa pili. Dereva huyo huyo, gari hilo hilo, ila risiti za petroli hana. Zile 410,000 zinakataliwa. Faida kwenye karatasi inaruka hadi 736,000. Sasa ni 28,800, jumlisha 25,000, jumlisha asilimia 30 ya 348,000 ambayo ni 104,400. Jumla 158,200, toa nafuu, analipa 129,400. Kutoka elfu tisa na nusu hadi laki na ushei, kwa karatasi za pampu. Asiye na risiti heri abaki TOT alipe zile 37,200. Ndiyo maana nasema kapu halichaguliwi na jirani, huchaguliwa na risiti zako.

Hesabu ya pili ni ya mtu kama mimi. Mapato ya kunukuu na kufasiri 612,000. Ndani yake kuna 120,000 za mteja wa hapa, aliyekuwa akilipa 40,000 kwa miezi mitatu na kukata asilimia 5. Mkononi zilifika 114,000. Kwenye ritani zinaandikwa 120,000, na zile 6,000 zilizokatwa zinakuja kupunguza ushuru mwishoni. Matumizi: ada za majukwaa 61,000, intaneti 36,000, uchakavu wa laptopu 15,000, sehemu ya umeme 12,000. Jumla 124,000, faida 488,000. Ushuru ni 28,800 na 25,000 na 30,000, jumla 83,800. Toa nafuu zinabaki 55,000. Toa 6,000 zilizokwisha kukatwa, nalipa 49,000.

Huo ushuru wa zuio uangalie vizuri. Kwa ada za kitaalamu, anayekulipa 24,000 au zaidi kwa mwezi hukata asilimia 5, na tangu Julai 2023 asilimia hiyo hiyo hukatwa wanaolipwa kwa maudhui ya mtandaoni. Makato hayo si ushuru wa mwisho. Kila ulipokatwa, tafuta cheti chake ndani ya iTax au kwenye barua pepe yako. Kama mteja amekukata na cheti hakipo, huenda pesa hazijafika KRA. Mpigie yeye kwanza.

Wenye magari ya abiria wanaolipa ushuru wa mapema kila mwaka wasisahau: nao ni malipo ya awali, unaingizwa kwenye fomu kupunguza deni.

Pia kumbuka michango ya SHA (ya afya) na NSSF (ya uzeeni). Tangu mwisho wa Desemba 2024 mchango wa afya unatolewa kwenye mapato kabla ya kutozwa, na sisi tunaojilipia wenyewe mara nyingi tunausahau kwa sababu hauko kwenye karatasi ya mshahara.

Na mwenye kazi ya mchana je, mhudumu wa hoteli anayeendesha tuktuk jioni? Ritani ni moja. Ataingiza P9, karatasi ya mwajiri ya mshahara na makato ya mwaka, na faida ya tuktuk pamoja. Nafuu ni ile moja, hapewi mara mbili, na faida ya tuktuk inakaa juu ya mshahara, kwa hivyo inaweza kutozwa asilimia 30 tangu shilingi ya kwanza.

Hatua ya 5: Fomu

Ingia iTax kwa PIN na neno lako la siri, jibu ile hesabu ndogo ya kuthibitisha. Nenda "Returns", kisha "File Return", chagua ushuru wa mapato wa mkaazi, pakua fomu ya IT1. Usibonyeze ile ya Nil. Hata kama faida yako ni 200,000 na ushuru utatoka sufuri baada ya nafuu, hiyo bado si Nil. Nil ni kwamba hukupata kitu.

Fomu ni faili la Excel lenye makro, kwa simu haliendi. Azima laptopu. Ukilifungua, ruhusu makro, la sivyo vitufe vitabaki vimekufa na utadhani kompyuta ni mbovu.

Ukurasa wa kwanza ndio unaofungua mingine. Weka PIN, mwaka kuanzia 01/01 hadi 31/12, na unapoulizwa kama una mapato mengine mbali na ya ajira, jibu ndiyo. Ukijibu hapana, kurasa za biashara hazitatokea. Katika ukurasa wa faida na hasara, mapato ghafi yanakwenda juu na matumizi kila moja mahali pake. Usiyarundike yote kwenye "mengineyo", rundo hilo ndilo linalovutia jicho la afisa.

Mizania inawatoa watu jasho bila sababu. Inauliza tu mwisho wa mwaka ulikuwa na nini, na kilitoka wapi. Mimi: laptopu iliyobaki na thamani ya 45,000, na 8,000 kwenye Pochi. Jumla 53,000. Upande wa pili sina mkopo, kwa hivyo mtaji wangu ni 53,000. Pande mbili zikilingana, songa mbele.

Jaza kurasa za makato na vyeti, fika ukurasa wa hesabu ya ushuru, linganisha na karatasi yako ya hatua ya 4. Zikitofautiana, kosa liko kwenye fomu au kwenye karatasi, usiendelee mpaka ulione. Kisha bonyeza kitufe cha kuhakiki. Makosa yakiwepo yataorodheshwa. Yakiisha, faili la zip linajitengeneza kwenye kompyuta. Rudi iTax, lipakie, wasilisha, upakue risiti ya kukiri kupokelewa. Jitumie kwa barua pepe hapo hapo, maana ikibaki kwenye kompyuta ya kuazima itaondoka na mwenyewe.

Ukikwama kabisa, dawati la KRA lipo Huduma Centre, pale Posta, Barabara ya Digo. Nenda asubuhi, ubebe kitambulisho na ile laini ya simu uliyojisajilia. Nenda na hesabu yako mkononi, maana yule afisa atakuonyesha pa kubonyeza lakini hawezi kukukumbukia ulinunua tairi ngapi.

Hatua ya 6: Lipa

Kuwasilisha si kulipa. Ndani ya iTax nenda sehemu ya malipo, chagua ushuru wa mapato wa mtu binafsi na aina ya kujikadiria mwenyewe, weka mwaka sahihi. Utapewa PRN, namba ya malipo hayo. Kwa M-Pesa, paybill ni 222222 na namba ya akaunti ni hiyo PRN. Mwaka ukiukosea kwenye hatua hii, pesa zitakaa kwenye mwaka mwingine huku deni likiendelea kuzaa riba. Pesa zisipotosha kwa mkupuo mmoja, wasilisha ritani kwa wakati hata hivyo, kisha uombe mpango wa kulipa kwa awamu.

Ushuru wako ukizidi 40,000 kwa mwaka, unatakiwa mwaka unaofuata ulipe kwa mafungu: 20 Aprili, 20 Juni, 20 Septemba na 20 Desemba. Yule dereva wa mfano na 9,500 zake halimhusu. Mimi na 49,000 linanihusu, na sasa natenga kidogo kila malipo yakiingia kabla hayajapitia Marikiti.

Kama uliwahi kujaza Nil kimakosa

Ile menyu ya kuwasilisha ina sehemu ya ritani ya kurekebisha. Unachagua mwaka, unajaza fomu ile ile upya kwa tarakimu za kweli, na unaweza kurudi nyuma hadi miaka mitano. Nilikaa siku mbili na taarifa za M-Pesa na kalamu ya kijani.

Mwaka wangu wa kwanza nilipata 310,000 zote kwa jumla. Baada ya matumizi faida ilikuwa 241,000, ushuru wake 24,100, nafuu 28,800. Sikudaiwa kitu. Na yule mteja alikuwa amenilipa 30,000 kwa miezi sita na kukata 9,000 jumla. Elfu tisa hizo zilikuwa zangu, zimekaa KRA miaka miwili zikinisubiri, nami nimewaandikia Nil. Mwaka wa pili ndio niliodaiwa, na faini na riba juu. Niliomba zile 9,000 zihamishiwe kwenye deni hilo, nikamalizia zilizobaki kwa PRN moja.